Jiwe la Susu Chini ya Santuri

Emali, jioni

Mwaitu,

Najua utacheka ukikuta barua imekunjwa ndani ya kifuniko cha gramafoni, na aliyeiandika ni mtu unayekunywa naye chai kila siku. Cheka tu. Umeenda kanisani kuagwa, na mimi nikasema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilitaka kuandika kabla hujarudi, kwa sababu nikianza kwa mdomo utaniambia, "Nau, hiyo tumeshaongea," na mimi baba yako nitanyamaza kabla sijafika penyewe.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango na kuandika ukishafika, shangazi yako amezisema mpaka majirani wamezikariri. Mimi nina jambo moja tu, na limenisumbua tangu uliposema umepangiwa kufundisha Nuu. Gramafoni utaiweka juu ya nini?

Nilimuuliza dereva wa lori la mbuzi, huyo utakayepanda naye kesho, nyumba za walimu huko zikoje. Akasema ni nzuri. Nikamuuliza sakafu ikoje. Akaniangalia.

"Mzee, sakafu ni sakafu."

Nikamuuliza kama kuna meza.

"Meza iko. Lakini mguu moja ni fupi. Mwalimu mwenye alitoka alikuwa anawekea kitabu."

Tangu siku hiyo, Mwaitu, nikifumba macho naiona hiyo meza. Nakuona umefika umechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, unaiweka gramafoni hapo kwa sababu ndiyo meza iliyopo. Unatia santuri ya mama yako. Kisha mtoto wa jirani anakuja kuangalia jinsi sahani inavyozunguka, na anaegemea.

Unayajua haya yote, lakini niruhusu niyaseme kwa mpangilio wangu. Mama yako Mumbua aliimba na akina mama wenzake wa kanisa, na mwaka mmoja walichangishana nauli wakaenda Nairobi kurekodi. Ubeti wa kwanza wanaimba wote. Ubeti wa pili anaimba yeye peke yake, na wengine wanamwitikia. Upande wa pili wa santuri anaongoza mwingine, huyo simjali. Ulikuwa na miaka mitatu alipougua na kutuacha. Sura yake tunayo kwenye picha ya harusi, ingawa ukungu umeila. Sauti yake iko kwenye ubeti huo mmoja, na mahali pengine popote haipo. Santuri za wenzake zimevunjika, zimeazimwa zikapotea, moja ilipinda ikiwa imesahaulika dirishani juani. Yetu ndiyo iliyobaki.

Baada ya mazishi niliiweka gramafoni juu ya kabati la vioo. Kila nyumba yenye heshima hapa Emali ilikuwa na kabati kama hilo, la vikombe visivyonywewa chai, na juu yake vitambaa vya kufuma. Kitambaa kile cha maua ya waridi mama yako alikifuma mwenyewe. Nilikitandika nikaweka gramafoni juu, katikati, mgeni akiingia aione. Nilifikiri ninampa heshima. Nilikuwa sijui kwamba kabati lile refu la miguu miembamba ni kitu kibaya kuliko vyote chini ya santuri, na kwamba kitambaa kinateleza.

Wewe na mimi tulikuwa tukipiga wimbo ule Jumapili baada ya kula. Siku hiyo treni ya mizigo ilipita kutoka Mombasa. Unajua nyumba yetu ilivyo karibu na reli. Vikombe vikaanza kugongana kwenye kabati, sindano ikaruka kutoka mwisho wa ubeti wa kwanza ikaenda kuangukia ubeti wa tatu. Ukaniangalia, mtoto wa miaka sita, ukasema, "Nau, treni imemeza Mama."

Niliirudisha sindano, nikakusikilizisha, ukatulia. Mimi sikutulia. Nilianza kuichunga reli kana kwamba ni adui. Niliweka bakuli la maji juu ya kabati, na nikagundua kwamba maji yanaanza kutetemeka kabla masikio hayajasikia treni. Yakitetemeka, nainua sindano. Nilikuwa nasikiliza wimbo wa mke wangu huku macho yangu yako kwenye bakuli. Huko si kusikiliza.

Basi nikajiambia, wewe ni fundi wa pancha, maisha yako yote ni kuzuia mitikisiko ya barabara isimfikie dereva. Utashindwaje na kitu hiki kidogo? Nikachukua tyubu ya lori, nikaitia upepo kiasi, nikailaza sakafuni, nikaweka ubao juu yake, na gramafoni juu ya ubao. Treni ikapita. Vikombe vikapiga kelele, lakini sindano ikabaki palepale. Niliita majirani waje kuona.

"Huyu jamaa amewekea gramafoni shoki!" wakasema. "Kama ya lori!"

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jumapili iliyofuata niliwaalika watu baada ya ibada. Alikuja hata yule mzee wa kanisa aliyekuwa akisema gramafoni ni kitu cha baa, akaketi akiwa na Biblia mapajani kusudi isije ikaonekana amekuja kustarehe. Nilivaa koti. Nikapiga magoti mbele ya tyubu yangu nikaanza kueleza mambo ya upepo, na huku naeleza nashusha sindano. Goti likagusa ubao. Tyubu inazuia mtikisiko wa treni, lakini ukiigusa wewe inayumba, na haiachi haraka. Ubao uliinama upande mmoja, ukainuka, ukainama tena, na sindano ikakokota juu ya santuri. Sauti ile ninaisikia mpaka leo.

Wewe ulikuwa umesimama karibu, na kikombe mkononi. Nikakugeukia nikasema, "Umenigusa!"

Hukunigusa. Chumba kizima kilijua. Ulikiweka kikombe chini taratibu, ukatoka ukaenda nyuma ya nyumba. Jioni nilipokufuata nikakwambia ni goti langu, ulisema, "Najua, Nau." Juzi ulipokuwa unafunga mizigo ulisema umesahau siku ile. Mimi sijasahau, na sikuombi unisaidie kusahau.

Mkwaruzo uliangukia mwanzo wa ubeti wa pili. Ungeangukia wapi tena? Tangu siku hiyo sindano ilikuwa ikifika hapo inaruka, inamruka mama yako mzima mzima. Nilijaribu juu ya kitanda. Nilijaribu juu ya meza ya chai. Nilijaribu dirishani, nikajaribu kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano, na afadhali nisingejaribu, maana nilikuwa natia chumvi kwenye kidonda. Seremala wa hapa stendi aliponiuzia meza ya nne aliniambia, "Mchagua jembe si mkulima, bwana fundi." Nikalipa, nikabeba meza, nikaenda kushindwa nayo.

Krismasi ile ndipo tulipopanda kwa Susu, juu ya Wote. Nilibeba gramafoni kwa sababu niliogopa kuiacha. Susu, mama yangu ambaye jina lake ndilo jina lako, na ndiyo maana siwezi kukuita Kavata kavu kavu ila Mwaitu, mama, kama ninavyomwita yeye, alisema anataka kusikia. Nikamweleza imeharibika, nikamweleza kabati, tyubu na meza zote. Alinisikiliza huku anachambua pojo.

"Unatafuta juu, juu, juu," alisema. "Huko juu kuna nini? Weka chini."

Akaonyesha jiwe lake la kusagia. Tangu kinu cha posho kije sokoni lilikuwa limekaa tu kando ya ukuta jikoni, kwenye udongo uliopigwa na miguu ya watu tangu kabla sijazaliwa. Nililitazama. Uso wake ulikuwa umechimbika kwa miaka ya kusaga, gramafoni isingekaa sawa. Nikasema labda tuligeuze, tumbo lake ni bapa.

Susu akaacha kuchambua. Unakumbuka alivyokuwa akisema, jiwe la unga haligeuzwi uso chini, ukiligeuza umesema nyumbani hapa hakuna wa kula tena. Nilikuwa nimesahau, na nikaona aibu. Nikasema, "Wacha, Mwaitu, basi."

Alisukuma ungo wa pojo kando. Kisha akasema, "Mumbua alisagia hapa mwaka wake wa kwanza, akiwa bibi harusi. Alikuwa anaimba mpaka unga unaisha na yeye bado anaimba. Geuza."

Tuligeuza, mimi na yeye, na hakutaka nimsaidie upande wake. Nilitia kokoto tatu chini ya jiwe, si nne, kwa sababu tatu hazigombani. Nikaweka sahani yenye maji juu yake, nikasogeza kokoto hadi maji yakagusa ukingo sawa pande zote. Nikakata vipande vinne vidogo vya tyubu, vyembamba, visivyo na upepo hata kidogo, nikaviweka chini ya miguu ya gramafoni. Nikashusha sindano. Ulikuwa umelala kifudifudi kwenye udongo, kidevu juu ya mikono.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Ikafika penye mkwaruzo, ikasema tik, na ikapita.

Uliuliza, "Ndiye?" Susu akasema, "Ndiye." Mama yako alipomaliza kuimba, Susu alisema "Muvea," asante, kama vile mtu amemletea maji, akarudi kwenye pojo zake. Nilitoka nje nikalia karibu na zizi la mbuzi, na nililia vizuri.

Sasa nifike penyewe. Mtu mwenye akili, akishajua mahali ambapo sindano inapita, angeupiga wimbo ule kila Krismasi, kila Pasaka, na siku mtoto ana homa. Mimi niliifunga santuri kwa kitambaa cha waridi nikaiweka kwenye sanduku la bati. Nilijiambia imepita mara moja, itapita ya pili? Na nikiharibu? Ulipokuwa ukiniomba nilisema betri zimeisha. Uliponunua betri kwa pesa zako nilisema sindano imechakaa. Ukaacha kuomba.

Ulipomaliza shule ya msingi ulipata nafasi ya shule ya bweni Kitui. Nilisema ni mbali, nikasema maji huko ni ya chumvi, nikasema kaa hapa karibu nami. Ulisoma hapa, kwa taa ya chemni, na treni zikipita juu ya hesabu zako. Ulifaulu hata hivyo, lakini ulifaulu kwa shida ambayo haikuwa na lazima. Nafikiri nilikuwa nimekuweka kwenye sanduku moja na ile santuri. Nilidhani ni kutunza.

Na kaseti, ile uliyosema tunakilie wimbo Machakos? Nilikwambia duka lilifungwa. Duka lilikuwa wazi. Nilifika, santuri ndani ya koti, nikaangalia kaunta ya kijana anayenakili kaseti. Watu wameegemea viwiko pande zote, mmoja anagonga mdundo kwa vidole. Kijana akasema, "Lete, mzee, ni dakika tu." Nilinunua chai nikarudi Emali. Kama utapata mtu mwenye kinasa sauti huko, mlete nyumbani kwako akae chini karibu na jiwe. Usiipeleke santuri kwenye kaunta ya mtu.

Nimesema jiwe. Lile gunia karibu na mlango, ambalo umeuliza mara mbili na nikasema ni mahindi, si mahindi. Nyumba ya Susu ilianguka mvua za mwaka jana, jikoni pakabaki majani, lakini jiwe lilikuwa palepale. Nilienda kulichukua. Dereva alipolinyanyua jana kupima uzito alisema, "Mwalimu anabeba kaburi?" Atanung'unika njia nzima, Wote, Machakos, Kitui, Mwingi. Mwache anung'unike.

Ukifika Nuu usiiangalie hiyo meza. Meza ni ya kusahihishia madaftari. Tafuta kona ambapo kuta mbili zinakutana, mbali na mlango, maana mlango ukipigwa na upepo ukuta wote unajua. Kama sakafu ni ya udongo, shukuru Mungu. Kama ni saruji nyembamba, igonge kwa kisigino usikilize, mahali panapolia kama debe si pako. Weka jiwe, uso chini. Susu alishalitolea ruhusa, na ruhusa ile haikwisha naye. Kisha weka bakuli la maji juu yake uliache siku nzima, kabla ya kuweka kitu kingine. Liangalie watoto wakitoka darasani wanakimbia, liangalie mbuzi wakipita, liangalie jirani akitwanga. Maji yakitulia, hapo ndipo.

Usiwafukuze watoto wakija kusikiliza. Wakitaka kucheza, wafungulie mlango wachezee uani. Mimi nilikufukuza wewe mara nyingi sana kutoka kwenye nyimbo, "kaa mbali, simama, usipumue," mpaka ukawa unasikilizia mlangoni kama mgeni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkwaruzo.

Naogopa, Mwaitu. Sitajifanya siogopi. Naogopa lori likipita makorongo ya huko, naogopa mchwa, naogopa joto litapinda santuri, naogopa utaugua na nani atakukanda kwa maji. Naogopa utaizoea Nuu na usirudi. Orodha ni ndefu na wino ni mchache.

Leo mchana ulipotoka nililifungua gunia. Nikasema niisikie mara moja kabla haijaenda. Nililaza jiwe nyuma ya karakana, kwenye udongo, kokoto tatu, sahani ya maji, vipande vya tyubu. Nikangoja treni ya mchana ipite, na moshi wake upite. Maji yakatulia yakawa kama kioo, nikaona uso wangu humo na mawingu. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikainua sindano.

Vidole vyangu vilitetemeka. Nikapumzika, nikajaribu tena, vikatetemeka zaidi. Ni miaka ya nyundo na mitaimbo ya tairi, daktari alishaniambia na sikukwambia. Nilikaa pale chini nikacheka peke yangu. Miaka yote hii nilikuwa natafuta kitu kisichotikisika, nikakipata, na sasa anayetikisika ni mimi. Nikairudisha sindano kwenye kishikizo chake nikaifunga kwa uzi. Utaikuta imefungwa hivyo.

Kwa hiyo sikuisikia. Shule zikifungwa nitapanda lori la mbuzi nije. Nitakaa chini, mbali na jiwe, na sitauliza kitu kuhusu mlango wala meza. Wewe ndiye utakayeshusha. Lakini usiningoje. Ipige siku ya kwanza, hata kama hujafagia, ipige siku ya pili, ipige mpaka iishe. Ikiisha itakuwa imeisha kwa kusikilizwa.

Bakuli nimelileta hapa mezani ninapoandikia, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea. Maji yameanza kutetemeka sasa hivi. Nimesikiliza, na upande wa reli ni kimya. Ni wewe, unaingia uani.

Nau wako